Nyusi za Boas

Kabla ugonjwa haujamkuta, uso wa Boas ulifanya kazi kuliko mikono ya watu wengine. Kwetu ndiyo ya mtu inakaa kwenye nyusi na hapana yake inakaa kwenye pua. Ukipandisha nyusi umekubali, ukikunja pua umekataa, na huna haja ya kupoteza pumzi kwenye baridi. Hilo kila mtu anaweza. Lakini Boas alikuwa na ndiyo za kila namna. Alikuwa na ndiyo ya "nakuja sasa hivi", ndiyo ya "nakubali ili uniache", na ndiyo ya kumwambia mtu kwamba mke wake amesimama nyuma yake na amesikia yote. Alikuwa akikaa kwenye banda la samaki pale kijijini kwetu Ikerannguaq bila kufungua kinywa, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Simu ndiyo iliyomshinda. Watu wa leseni za uvuvi wakipiga kutoka mjini kumuuliza kama bado anavua, Boas alipandisha nyusi kwa bidii zote, huku upande wa pili ukiita, "Haloo? Haloo? Upo?" Mke wake Salomine alimnyang'anya simu na kusema, "Yupo. Anavua. Andikeni."

Huyo Salomine alimpata kwa nyusi hizo hizo. Shule ya kijiji ndiyo kanisa letu, na dirisha lake linatazama mwamba ambao Boas, kijana wakati huo, alikuwa anajengea nyumba. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, alimkazia macho Salomine upande wa wanawake, kisha akayapeleka macho dirishani mpaka kwenye msingi wa nyumba, kisha akayarudisha kwake. Salomine akakunja pua. Jumapili nyingine kuta zikawa zimesimama, Boas akauliza tena vile vile, na Salomine akakunja pua tena. Ilifika siku paa limepigiliwa misumari, na katikati ya Baba Yetu, watu wote wakiwa wamefumba macho isipokuwa hao wawili, Salomine alipandisha nyusi. Boas alisema "Amina" kabla ya sala kwisha, na katekista akamkodolea macho.

Waliishi kwenye nyumba hiyo maisha yao yote. Boas alivua samaki wa kina kirefu chini ya barafu, akilisha mbwa wake wa kuvuta sleji na kulishwa nao. Watoto wao walikua wakaenda kuishi Nuuk, mji mkuu, wakawa watu wa ofisi na wa kutuma picha. Salomine alishona buti za ngozi ya sili, na hakuna msichana wa Ikerannguaq aliyepata kipaimara bila mshono wake mguuni.

Ugonjwa ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Boas alikuwa anatia chambo kwenye ndoano, kazi aliyoijua kuliko kujikuna, na kidole kikaanza kucheza peke yake. Alikitazama, akamwonyesha Salomine.

"Ona, kimefurahi."

"Kimefurahia nini?"

"Sijui. Mimi hakijanialika."

Majira ya baridi yalipofika, furaha hiyo ilikuwa imepanda hadi kwenye kiwiko. Mguu ukaanza kuburuta. Hakuna aliyeshtuka sana, na hilo ndilo linalouma. Kijiji chetu chote kinaenea darasani na viti vinabaki, lakini kila mmoja wetu alikuwa amewahi kuuguza au kuzika mtu wa namna hiyo. Pavia, shemeji yake Boas, aliishia hivyo hivyo: akifika mlangoni miguu inagoma, anasimama pale kana kwamba amesahau anakokwenda. Mama aliyeuza dukani kabla ya huyu wa sasa aliishiwa sauti mpaka wateja wakawa wanajipimia sukari wenyewe. Tuliita uzee. Tuliita baridi ya baharini iliyoingia kwenye mifupa. Jina la Parkinson lilikuja na daktari.

Daktari mwenyewe alikuwa kijana kutoka Denmark, akashuka na helikopta, akamkalisha Boas na kumwambia agonganishe vidole, asimame, atembee, ageuke. Alikuwa mtu mwema. Kupitia kwa mkalimani alieleza kwamba ugonjwa huo uko dunia nzima, ila watafiti waliowahi kuja kwetu walikuta wagonjwa wengi kuliko walivyotegemea kwa watu wachache namna hii. Kwa nini, hawajui kwa hakika. Wengine wanashuku sumu za viwandani na mashambani huko mbali, zinazobebwa na upepo na mikondo ya bahari na kujificha kwenye mafuta ya sili na nyangumi. Wengine wanasema labda ni mambo ya damu na ukoo. Bado wanatafuta.

"Kwa hiyo sili ameniroga," alisema Boas.

"Hapana, mzee, hatujasema hivyo."

"Afadhali. Maana jioni namla."

Watu walicheka, lakini maneno yale yalitukaa rohoni. Kama ni kweli, basi watu wasiotujua wanamwaga uchafu wao huko kwao, halafu sisi ndio tunaambiwa tuangalie sahani zetu. Tule nini? Biskuti za dukani? Sili ametulea sisi na waliotuzaa, na leo atazamwe kama mwizi ndani ya nyumba yake! Boas alikula sili wake jioni hiyo, na tukala naye.

Vidonge vilisaidia mkono. Kuhusu uso daktari hakusema mengi, au kama alisema, alilitaja jambo hilo juu juu na mkalimani akalipitisha juu juu. Yeye anatoka kwa watu wanaosema ndiyo kwa mdomo, na kwao uso uliopunguza mwendo ni jambo dogo. Hakujua kwamba kwetu ugonjwa huu unamnyang'anya mtu ndiyo yake na hapana yake.

Wala Boas mwenyewe hakujua. Ndani ya ngozi yake nyusi ziliendelea kupanda kama zamani. Alizisikia. Na kwa kuwa Salomine alikuwepo, hakuna aliyegundua. Yeye aliweza kuisoma hata ile chembe iliyobaki, akawajibia wageni: "Boas anasema mchukue." "Boas hataki, ana usingizi." Siku moja alimtazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Siku hizi unanipa ndiyo nusu nusu. Nusu nyingine unampa nani?"

Boas alicheka sana. Salomine hakuuona uso ukicheka, lakini alisikia tumbo likitikisika, akaridhika.

Salomine alikufa majira ya baridi yakianza, wakati barafu haijaweza kubeba mtu na mashua haziwezi tena kupita. Moyo ulimsimama asubuhi akitia uzi kwenye sindano. Helikopta ilizuiwa na upepo, na ilipofika haikuwa na mtu wa kumchukua. Boas alimzika, akarudi kwenye nyumba yenye dirisha linalotazama kanisa, na tangu siku hiyo hakulitaja jina lake. Wazee wa zamani walikuwa hivyo: jina la marehemu halitajwi mpaka limpate mtoto. Boas alikuwa mtu wa kanisa na hakuwa na habari na miiko ya kale, lakini kila alipotaka kulitamka, ulimi ulikataa.

Kwetu jina halifi. Mtu akiondoka, jina lake linabaki nje linangoja, na akizaliwa mtoto akapewa, basi yule amerudi nyumbani. Tunamwita kwa udugu wa yule aliyerudi. Utamsikia mwanamke mzima anamwambia mtoto mchanga "baba, acha kulia", na hakuna anayemcheka. Alichongoja Boas duniani kilikuwa hicho tu. Kijiji chetu hakizai watoto wengi, naye hakuwa na miaka mingi ya kungoja.

Sasa kulikuwa na Tabita, binti wa Gerth, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Gerth na Boas walikuwa marafiki wa kushirikiana nyavu, mpaka siku mbwa wa Gerth walipokata mnyororo na kula ngozi yote ya nyangumi ambayo Boas alikuwa ameiweka kwa karamu ya kipaimara ya mwanawe. Ngozi ile tamu, ya kukata vipande na kutafuna mbichi, imeliwa na mbwa! Gerth aliona haya, akashindwa kuomba radhi. Boas hakudai. Waliacha tu kunywa kahawa kila mmoja nyumbani kwa mwenzake, wakawa wanaambiana habari za upepo wakikutana gatini, na mambo yakaenda hivyo mpaka wote wawili wakaota mvi. Lakini Tabita alikuwa anapenya mlango wa jikoni tangu akiwa mdogo, na Salomine ndiye aliyemfundisha kushona, akimfumulia kila mshono uliokwenda upande.

Jua lilikuwa limerudi baada ya miezi ya giza, theluji inang'aa, Tabita alipokuja. Boas alikuwa amekaa kitini kwake dirishani. Hendrine, dada yake mkubwa, mjane wa Pavia, alikuwa mezani anakata ngozi. Tabita alikunywa kahawa kikombe kizima.

"Babu Boas."

"Mm."

"Wiki ijayo naenda mjini kujifungua."

"Mm."

"Nimekuwa nafikiria..." Alizungusha kikombe. "Yule aliyenifundisha kushona. Kama hutaona vibaya, kwa mambo yaliyopita na baba. Ningependa arudi kwangu. Kwa mtoto huyu."

Kifua cha Boas kilijaa mpaka akakosa pa kuweka pumzi. Salomine arudi! Awe nyumba ya nne kutoka kwake, alie usiku na kijiji chote kimsikie! Akajibu kwa nyusi, kama alivyojibu maisha yake yote. Alizisikia zikipanda mpaka kwenye nywele, kuliko zilivyowahi kupanda tangu enzi za kujenga nyumba. Ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote alizowahi kutoa.

Tabita alimtazama usoni. Alingoja. Kisha akateremsha macho kwenye kikombe.

"Sawa," alisema polepole. "Nimeelewa."

Aliosha kikombe, akakifudikiza juu ya kitambaa, akatoka. Boas alimsikia akishuka ngazi hatua kwa hatua, akafurahi kwamba anajiangalia.

Kwetu hatuulizi mara mbili. Aliyejibu kajibu, na aliyenyamaza kajibu pia. Hendrine naye hakusema kitu, maana jibu la mtu haliingiliwi. Ila tangu siku hiyo alimwekea Boas chai kwa kishindo na bila kumtazama, na Boas akadhani meno yanamsumbua.

Wiki zilizofuata zilikuwa njema kwake. Alitoa kisu cha Salomine cha kukatia ngozi, kile cha mviringo cha wanawake, akakinoa. Kazi ile ilimchukua siku kadhaa, maana mkono ulikuwa unakwenda kunoa pale unapotaka wenyewe. Akakifunga kwenye kitambaa. Alitaka kwenda nacho kwenye ubatizo, kumrudishia mwenyewe.

Tabita alirudi na mtoto wa kike. Boas aliiona helikopta ikishuka, akaona watu wakienda nyumbani kwa Gerth kunywa kahawa ya kumpokea mgeni. Alivaa sweta safi, akakaa. Mwenye jina arudipo, mume ndiye wa kwanza kuitwa. Siku ikaisha. Siku nyingine akavaa tena lile sweta. Kisha huko dukani ikasikika kwamba mtoto ataitwa Naja. Ni jina zuri, hatukatai, lakini hakukuwa na marehemu wa kijiji chetu aliyekuwa nalo.

Boas aliumia. Aliumia kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi hakuna aliyemwahidi kitu.

"Ngozi ya nyangumi bado iko tumboni mwa mbwa wake," alimwambia Hendrine kwa ile sauti yake iliyobaki, ya kunong'ona. "Gerth amemkataza binti yake."

Hendrine alifyonya. "Mwenye kukataza namjua mimi," akasema, akatoka kulisha mbwa.

Jumamosi moja Hendrine alisherehekea siku yake ya kuzaliwa, na keki zake zililiwa na kijiji karibu chote. Jumapili asubuhi, siku ya ubatizo, alikuja kumchukua Boas, amevaa shanga zake kifuani na buti ndefu nyeupe. Alimkuta na sweta la kazi.

"Huendi?"

"Siendi. Nikamwone nani?"

Hapo Hendrine alichemka. Alivuta kiti, akakaa mbele yake magoti kwa magoti, akatoa simu mfukoni.

"Sasa nitasema, mdogo wangu, na Mungu anisamehe kwa kuwa leo ni Jumapili. Tangu mkeo afariki unatutazama sisi wote kama tumekuibia. Nikasema ni huzuni, nikanyamaza. Lakini jana! Karamu yangu! Nilipiga picha za video niwatumie watoto Nuuk. Hebu jione. Jione ulivyonikalia kama niko kwenye jeneza!"

Aliibonyeza simu. Chumba cha Hendrine kilitokea, watu wamebanana, mwenye duka anasimulia jinsi alivyofukuzana na mbwa aliyeiba soseji. Boas aliikumbuka hadithi hiyo. Alikuwa amecheka hadi machozi yakamtoka. Alijitafuta pale kwenye picha, akamwona mzee mmoja pembeni, midomo wazi kidogo, macho yamekodolewa, uso hauna mtu ndani. Wote wanaangusha vichwa kwa kicheko, yule mzee anatazama tu. Ilimchukua muda kujua kwamba ni yeye.

"Nilikuwa nacheka," alisema.

"Ulikuwa unacheka wapi?"

"Hapo. Hapo hapo. Rudisha."

Hendrine alirudisha. Boas alitazama tena, akapeleka mkono wake unaotetemeka mpaka kwenye paji la uso wake, akaligusa kama la mtu mwingine.

"Hendrine. Nimepandisha nyusi sasa hivi. Umeona?"

"Sijaona."

"Na sasa?"

Hendrine alisogea karibu mpaka pumzi zao zikakutana. Ukali wote ulimtoka usoni. "Hazijasogea, mdogo wangu. Hata kidogo."

"Siku ile Tabita alipokuja. Ulikuwepo. Nilijibu nini?"

"Hukujibu kitu. Ulimkodolea macho mpaka mtoto wa watu akaona haya. Nami nikasema, kumbe ndugu yangu ana roho ya mawe, mambo ya ngozi ya zamani anamlipizia binti."

"Nilisema ndiyo!" Sauti haikutoka, lakini kiti kilitikisika. "Hendrine, nilisema ndiyo mpaka nyusi zikaniuma!"

Pavia naye, alikumbuka Hendrine, miaka yake ya mwisho alikuwa hapokei kitu wala hakatai, na yeye, mkewe, akawa anamnunia. Alinuna mpaka siku ya kufa kwake. Hendrine aliziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamwagika juu ya shanga, na huko nje kengele ikaanza kulia.

"Inuka," alisema. "Inuka, inuka, inuka. Utalia baadaye."

Alimvika koti juu ya lile sweta la kazi. Boas alichukua kisu kilichofungwa kitambaa akakitia mfukoni. Walifika mlangoni, na miguu ya Boas ikagoma. Unyayo ulinata sakafuni, mwili wote unataka kwenda na miguu haisikii. Hendrine aliujua ugonjwa huo. Alivua glovu moja akaitupa sakafuni mbele ya vidole vyake.

"Vuka hiyo!"

Boas akaivuka, na mguu ukafunguka. Ndivyo alivyokuwa akimtoa Pavia. Waliteremka hivyo kuelekea kanisani, Boas akigoma kila palipobana au palipogeuka, Hendrine mwenye mavazi ya sikukuu akitupa glovu, akiiokota, akiitupa tena, na mbwa wa watu wamesimama kwenye minyororo yao wakiona wameletewa mchezo.

"Haraka, we mzee! Wameshaanza wimbo wa pili!"

"Sasa tupa basi!"

Walipofungua mlango, Tabita alikuwa amesimama mbele na mtoto mikononi, Gerth kando yake, katekista amekwisha kuchota maji kwa kiganja.

"Mtoto huyu anaitwa nani?" aliuliza katekista.

Boas aliita. Sauti ilikufa kwenye koti lake. Akajaribu kuingia, na kizingiti kikamkamata. Hendrine alirusha glovu, lakini kwa haraka aliirusha mno, ikapita safu za nyuma ikatua miguuni mwa Gerth.

Watu wote waligeuka. Wakamwona Boas mlangoni, na sweta la kazi, na uso ule mkavu, na macho ya kukodoa. Gerth aliweka mkono begani kwa binti yake. Kila mtu alifikiri jambo moja: mzee amekuja kukataza hata kanisani. Mwenye duka aliinamisha kichwa kwa aibu ambayo haikuwa yake.

Tabita alikuwa ameshafungua kinywa kusema jina la Naja. Akakifunga. Alimtazama Boas, akaona mashavuni mwake maji yanayoweza kuwa machozi au theluji iliyoyeyuka, hakuwa na hakika. Na hapo Tabita alifanya kitu ambacho kwetu hakifanywi. Aliuliza mara ya pili.

"Babu Boas," alisema. "Nimwite?"

Boas alipandisha nyusi. Alijua hazikupanda. Basi akainua mikono yote miwili, akaweka vidole gumba chini ya nyusi zake, akazisukuma juu kwa nguvu mpaka ngozi ya paji ikakunjamana. Na kwa kuwa mikono ile haikujua kutulia, nyusi zilipanda zikashuka, zikapanda zikashuka, ndiyo na ndiyo na ndiyo na ndiyo, na hata angetaka kuacha asingeweza.

Kisha Gerth akacheka. Kilimtoka kicheko kikubwa, akakizuia kwa mkono, kikampita, na nyuma yake watu wote wakaangua, mpaka katekista maji yakamwagika viatuni. Hendrine alicheka akilia. Tabita hakucheka. Alitembea mpaka mlangoni na mtoto wake, akasimama upande wa ndani wa kizingiti.

"Ulikuwa umekubali?" alimuuliza. "Siku ile?"

"Mpaka zikaniuma," alinong'ona Boas. Na ulimi uliokuwa umekataa tangu mazishi ukakubali. "Salomine," alisema. Aliyesikia ni Tabita peke yake, lakini yeye ndiye aliyehitaji kusikia.

Alirudi mbele akampa katekista jina, kwa sauti ya kusikika mpaka gatini.

Kahawa ilinywewa nyumbani kwa Gerth. Boas hakuwa amekanyaga pale tangu zama za mbwa. Kizingitini, Gerth mwenyewe alivua kofia yake akaitupa chini, kama alivyoona glovu, na Boas akaivuka akaingia. Walimkalisha kiti cha dirishani. Gerth alipotea jikoni, akarudi na sahani ya ngozi ya nyangumi iliyokatwa vipande vidogo, akaiweka magotini mwa Boas bila kumtazama.

"Hii haijaguswa na mbwa," alisema.

Boas alipeleka kidole gumba kwenye nyusi moja, akaisukuma. Gerth akakaa chini karibu naye, na wakatafuna.

Kisha Tabita alimletea mtoto. Walimzungushia mito ili mikono isimwangushe, na mtetemeko ule ukamfaa, maana mtoto alikuwa anabembelezwa bila mtu kujisumbua. Boas alikitoa kisu kwenye kitambaa akakiweka kando ya mtoto. Alikuwa ametunga maneno mengi ya kumwambia, na sasa hakukumbuka hata moja.

"Mke wangu," alisema mwishowe. "Umerudi. Unanikumbuka?"

Mtoto alifungua macho, akautazama ule uso uliokuwa juu yake. Kisha akakunja pua.

Nyumba nzima ilipiga kelele. Uso wa Boas haukusogea hata kidogo, lakini tumbo lake lilianza kutikisika, mito ikatikisika, mtoto akatikisika, na safari hii hakuna hata mmoja mle ndani ambaye hakujua kwamba mzee anacheka.

"Haya," alimwambia. "Hata zamani ulianza hivyo hivyo. Nitakuja Jumapili ijayo."